Wauza rangi, acheni kumtilia mtu hadina kwenye chupa ya soda!

Assalamu alaykum. Uzi huu ni wa hasira, juu ya kilia (rangi angavu ya kung'arisha inayopigwa juu ya rangi) na hadina (dawa yake ya kuigandisha), anayetaka maneno laini apite. Kila siku zinaletwa picha humu za matangi ya pikipiki na vespa: moja limeota ukungu mweupe, jengine limejaa vitobo vya pini, jengine linanata kama halua tangu wiki iliyopita. Na majibu ni yale yale, "mkono wako bado, utazoea." Mkono gani? Kilia imeshakufa kabla haijatiwa kwenye bunduki ya kupulizia!

Nenda duka la rangi, mjini au Chake Chake, Pemba, uulize kilia ya tangi. Unapimiwa robo lita kutoka kopo kubwa, hadina inamiminwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo, na maelekezo ni "tia kifuniko kimoja." Kifuniko cha nini, cha dawa ya kikohozi? Kilia nyingi za sehemu mbili ni 2:1, yaani mbili za kilia kwa moja ya hadina, zipo na za 4:1, na uwiano huo umeandikwa kwenye kopo ambalo mnunuzi hakuoneshwa. Hadina ikipungua, kilia inakauka juu tu. Siku petroli ikimwagika kwenye mdomo wa tangi inavimba na kukunjamana. Ikizidi, haikauki upesi kama mnavyowadanganya watu, inakuwa ngumu ya kupasuka.

Tena hadina inakunywa unyevu wa hewani. Kopo lililofunguliwa likakaa rafuni nusu tupu, kwa hewa hii yetu ya bahari, hadina inageuka maziwa au inaota uji. Nzima huwa angavu. Ukiona ukungu au punje, irudishe hapo hapo dukani, na usiondoke bila kupiga picha ya lebo ya kopo la kilia na la hadina.

Vipimo vya tangi la pikipiki ndogo, kwa kilia ya 2:1: mililita 200 za kilia, 100 za hadina, tina, ile ya kuifanya nyepesi, 20 hadi 30 basi. Pima kwa sirinji, mwaga kilichobaki, maana kikishachanganywa hakirudi kwenye kopo.

Tina nayo! "Tina ni tina," anakwambia muuzaji, anakupa ile ya vanishi za mbao. Ile inaruka haraka mno, inapoza uso wa rangi, unyevu unaganda juu yake, ndio ule weupe. Taka tina ya kilia za sehemu mbili, na khasa ile ya taratibu, ya joto. Masika, Machi hadi Mei, subiri siku kavu. Puliza baina ya saa 3 asubuhi na saa 9 mchana, kivulini, bati likiwa halichomi mkono. Wanaopuliza magharibi "kukwepa vumbi" wanaukaribisha umande. Na kompresa ifunguliwe koki ya chini maji yatoke kabla ya kuanza. Bila kichujio cha maji kwenye mpira, tone moja likikutana na hadina linatoa gesi, gesi inatoka kama vipovu.

La chumvi halisemwi kabisa. Tangi linasuguliwa vizuri kwa msasa wa maji, halafu linasuuzwa kwa maji ya kisima yenye chumvi. Ile chumvi inabaki chini ya rangi, inavuta maji, baada ya miezi unaona malengelenge. Suuza kwa maji baridi ya mfereji, yasiyo na chumvi. Macho ya samaki, vile vishimo vya duara, vinaletwa na grisi ya cheni na polishi za silikoni. Kufutia petroli hakusaidii, petroli inaacha mafuta yake. Tumia dawa ya kuondolea mafuta na vitambaa viwili: kimoja cha kupaka, kikavu cha kufutia kabla haijakauka.

Kupuliza kwenyewe ndiko kwepesi. Rangi ya chini ikishapauka yote, piga kilia siku hiyo hiyo. Pua ya bunduki milimita 1.3 au 1.4, presha kama bari 2, umbali sentimita 15 hadi 20, kila mpito ufunike nusu ya uliopita. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, mwepesi. Gusa kilia iliyoangukia kwenye teepu ya pembeni: ikivuta nyuzi, subiri, ikinata tu bila nyuzi, kwa kawaida baada ya dakika 10, piga wa pili, huo uwe wa kulowa. Wenye pupa ya kurundika mikono ndio wenye vitobo vya pini, tina imefungiwa chini inatafuta pa kutokea.

Ganda la chungwa, yaani uso wenye vinundu kama chungwa, na weupe wa juu juu vinatoka kwa msasa 1500, 2000, kisha kompaundi ya kung'arishia, kilia ikishakomaa. Vitobo: msasa 800 mpaka viishe, kilia upya. Inayonata haina dawa, ng'oa yote. Anayekushauri uongeze mkono juu yake anakutafutia khasara ya pili.

Na hadina ina kemikali ya isosaianeti, inaharibu mapafu. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu, na ya vichujio vya mkaa peke yake si ya kutegemewa; inayotakiwa ni ile inayoletewa hewa safi kwa mpira.

Kuanzia leo anayeleta picha ya tangi bovu aandike uwiano, aina ya tina, saa aliyopuliza, na aweke picha ya lebo. Kama dukani hawakumpa lebo, aseme.