Biblia za kale zenye jalada la ngozi: nijueje umri, na huu unga mwekundu nifanyeje?

Kirumba_Ziwani

Wakuu, habari za jioni. Nina Biblia mbili za zamani zenye majalada ya ngozi, zote ziko hapa Mwanza. Naomba msaada wa wenye uzoefu kabla sijazigusa.

Ya kwanza ni ya Kiganda. Ni ndogo, unaishika kwa mkono mmoja, lakini nene ajabu. Ngozi ya mgongo inatoa unga wa rangi ya kutu unaobaki vidoleni, jalada la mbele limeshikiliwa na nyuzi mbili tu, na ukurasa wa jina la kitabu haupo. Mwanzoni kuna majina na tarehe za ubatizo kwa wino. Kuna pia vitundu vidogo vinavyopita katikati ya Zaburi.

Ya pili ni ya Kiingereza, kubwa na nzito, ina vifungo vya shaba na picha za ukurasa mzima. Inanuka uvundo na ina madoa meupe ya ukungu kwenye jalada la nyuma. Aliyeitoa anasema ni ya 1611 kwa sababu mbele kuna barua kwa Mfalme James.

Fundi viatu ameshauri zipakwe mafuta ya nazi kisha rangi ya viatu. Ni sawa? Na kwa hewa hii ya ziwani nizihifadhi vipi?

Jalada_na_Uzi

Karibu mkuu. Nianze na ile kubwa. Hiyo si ya 1611. Barua kwa Mfalme James ilichapwa kwenye toleo la 1611, lile la kwanza la tafsiri ya King James, na ikaendelea kurudiwa kwenye matoleo ya tafsiri hiyo kwa karne nyingi, kwa hiyo kuiona hakuthibitishi mwaka wowote. Toleo lenyewe la 1611 ni kitabu kikubwa cha kusomea kanisani, herufi zake ni zile nyeusi nzito za Kigothi, na lina vitabu vya Apokrifa kati ya Agano la Kale na Agano Jipya. Vifungo vya shaba pamoja na picha za ukurasa mzima vinaelekeza kwenye Biblia ya familia ya karne ya 19. Hizo zilichapwa kwa wingi mno Uingereza na Marekani, na ndiyo maana bei zake kwa kawaida ni ndogo hata kama kitabu kinapendeza na kina uzito wa kutisha.

Ukurasa wa jina ukiwa haupo, tafuta vitu ambavyo haviwezi kutangulia mwaka fulani. Picha zikiwa na sahihi ya mchoraji Mfaransa G. Doré kwenye pembe ya chini, kitabu hakiwezi kuwa cha kabla ya 1866, mwaka ambao Biblia yenye michoro yake ilitoka Ufaransa. Pambizoni pakiwa na usomaji wa "Revised Version", yaani marekebisho ya tafsiri hiyo ya King James, basi ni baada ya 1881 kwa Agano Jipya au 1885 kwa Biblia nzima. Kisha inua karatasi moja kwenye mwanga wa dirisha. Karatasi iliyotengenezwa kwa mkono zamani huonyesha mistari myembamba iliyobanana, na mingine inayoikata iliyoachana kama sm 2.5. Karatasi nyingi za mashine za karne ya 19 hazina mistari hiyo.

Biblia za aina hii huwa na kurasa za kuandikia ndoa, vizazi na vifo, mara nyingi kati ya maagano mawili. Usichukue tarehe ya kwanza iliyoandikwa pale ukasema ndio umri wa kitabu. Familia zilikuwa zinanakili vizazi vya nyuma siku wanayopata Biblia mpya. Angalia mwandiko: kama tarehe tano za mwanzo, zilizoachana miaka kumi au ishirini, zina mwandiko mmoja na wino wa rangi moja, ziliandikwa kwa mkao mmoja. Pale wino unapoanza kubadilika kutoka mstari hadi mstari ndipo kitabu kilipokuwa tayari nyumbani.

Sasa ile ya Kiganda, na hiyo ndiyo ingenikosesha usingizi mimi. Biblia nzima ya Kiganda ilitoka 1896, kazi ya mmisionari George Pilkington akiwa na Mganda Henry Wright Duta, ikachapwa na British and Foreign Bible Society, chama cha Uingereza cha kusambaza Biblia. Toleo lake dogo lilipimwa makusudi liingie ndani ya bati la biskuti za Huntley & Palmers ili mchwa wasilifikie, ndiyo maana unene wake unakaribia upana. Siwezi kukuambia kwa maelezo tu kwamba ni hiyo. Pima kimo, upana na unene kwa milimita, hesabu mistari katika safu moja, na andika namba ya ukurasa wa mwisho wa Ufunuo. Vipimo hivyo ndivyo utakavyolinganisha na katalogi ya Darlow na Moule (1903–1911), inayoorodhesha matoleo ya Biblia lugha kwa lugha. Kwa lugha za Afrika ipo pia bibliografia ya Coldham ya 1966. Ukiwaandikia watu wa maktaba, mkusanyo wa Bible Society uko Chuo Kikuu cha Cambridge.

Kujua kama kuna kurasa zilizopotea, tazama chini ya kurasa: kila baada ya kurasa kadhaa kuna herufi au namba ndogo inayoonyesha mwanzo wa fungu jipya lililoshonwa. Ikiwa ni herufi, mara nyingi J, V na W hurukwa, kwa hiyo usidhani zimechanwa.

Na majina ya ubatizo usiyafute wala kuyapitishia kalamu. Injili ilizunguka ziwa hili kwa mikono ya wasomaji Waganda kwa sehemu kubwa, na Alexander Mackay mwenyewe, mmisionari wa Uskoti aliyehubiri Buganda, alifia Usambiro, upande wetu wa kusini, mwaka 1890. Biblia ya Kiganda iliyokaa pwani ya kusini ikiwa na majina ya watu na vijiji inabeba habari ambazo nakala safi ya maktaba haina.

Dada_wa_Igoma

Kuhusu ngozi: usipake chochote. Si nazi, si nyonyo, si rangi ya viatu.

Huo unga mwekundu ni ngozi yenyewe inayovunjika. Ngozi nyingi za vitabu za nusu ya pili ya karne ya 19 zililainishwa kwa dawa za mimea kama magome ya miwati na mbao za mti wa kebracho, na ngozi za namna hiyo hazivumilii moshi wa makaa na gesi uliokuwa kwenye hewa ya miji. Asidi hujengeka ndani, nyuzi za ngozi zinakatika, juu panakuwa unga. Mafuta hayaunganishi nyuzi zilizokatika. Yanachofanya ni kuifanya ngozi iwe nyeusi, kushika vumbi, kulisha ukungu, na kupenya hadi kwenye kurasa za kwanza na za mwisho ambako yanaacha doa lisilotoka.

Maji ni mabaya zaidi. Ngozi iliyofikia hatua hiyo ikilowa hata kwa kitambaa chenye unyevu, inageuka nyeusi na ngumu pale pale na hairudi.

Dawa inayotumiwa na watunza vitabu ni unga wa selulosi unaoitwa Klucel G, gramu 2 kwa mililita 100 za alkoholi. Nyunyiza unga juu ya alkoholi kidogo kidogo, funika chupa, acha usiku mzima uvimbe, asubuhi koroga mpaka pasiwe na mabonge. Jaribu kwanza kwenye ngozi iliyokunjwa ndani ya jalada, subiri ikauke, tazama kama rangi imebadilika. Kisha paka kwa brashi laini, tabaka jembamba, bila kusugua na bila kulowesha. Ikikauka unga hautoki tena vidoleni. Haiponyi ngozi, inaishika tu isiendelee kumwagika. Unga wenyewe itabidi uagize; sijauona madukani Mwanza.

Jalada linaloning'inia lisigundishwe. Lifunge kwa utepe wa pamba mweupe bapa, upana wa sm 1 hivi, fundo likae upande kurasa zinapofungukia na si juu ya mgongo. Supagluu na gundi ya mbao huwa ngumu kuliko ngozi, na ukifungua kitabu kinachanika pembeni ya gundi, sehemu ambayo ilikuwa nzima. Selotepu usiilete kabisa karibu na kurasa.

Mzee_Kamanga

Mimi nadhani mnamtisha kijana. Mafuta kidogo ya nyonyo yametunza mikanda na viatu miaka yote, ngozi ni ngozi.

Dada_wa_Igoma

Shikamoo mzee wangu. Kiatu kinakunjwa kila hatua, kina ngozi nene, na kikichakaa kinabadilishwa. Mgongo wa kitabu mara nyingi una ngozi iliyochongwa nyembamba kuliko milimita moja ili ikunjike, na imekaa juu ya karatasi na gundi ya wanga. Mafuta yakipita upande wa pili yanakuta karatasi. Hata wataalamu walikuwa wanapaka zamani, lanolini na mafuta ya kwato za ng'ombe, na maktaba nyingi zimeacha kwa sababu ya mabaki ya kunata na ukungu uliofuata.

Rafu_ya_Juu

Niongezee upande wa ukungu na wadudu, maana hapo ndipo Mwanza inapotutesa, hasa Machi hadi Mei na tena Novemba na Desemba.

Ile kubwa itenge leo hii. Iweke peke yake kivulini, penye upepo, isimame wima ikiwa imefunguka kidogo. Jua usilitumie: jalada litapinda na ngozi kupasuka. Madoa meupe yakishakauka na kuwa vumbi, toka nje, vaa barakoa, simama upepo ukikupiga mgongoni, na yafagie kwa brashi laini kuelekea mbali na wewe. Ukifagia yakiwa bado mabichi utayapaka ndani ya vinyweleo vya ngozi.

Vitundu vya Zaburi: jua kwanza kama mdudu bado yumo. Weka kitabu juu ya karatasi nyeupe wiki mbili bila kukisogeza. Ukikuta unga mweupe uliodondoka, yumo. Kifunge ndani ya mifuko miwili ya nailoni, toa hewa, ingiza kwenye friza ya nyuzi -18 hadi -20 kwa wiki mbili mfululizo. Umeme ukikatika kwa saa nyingi na friza ikayeyuka, hesabu inaanza upya, kwa sababu yai linaweza kupona. Ukitoa, usifungue mfuko kwa saa 24, la sivyo mvuke wa hewa utaganda juu ya ngozi, na tumeshaambiwa maji yanafanya nini kwenye ile ya Kiganda. Naftalini na dawa za kupuliza ziache.

Nunua kipima unyevu kidogo cha dijitali, lakini kipime chenyewe kwanza. Jaza kifuniko cha chupa kwa chumvi ya mezani, tia matone ya maji mpaka iwe tope zito na si majimaji, kifungie pamoja na kipimo kwenye mfuko usiopitisha hewa kwa saa 12. Kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma 69, jua kinapunguza 6. Kabatini lenga asilimia 45 hadi 60. Kuanzia 65 kwenda juu kwa siku kadhaa, ukungu unarudi. Chini ya 40 ngozi inakakamaa, kwa hiyo usijaze silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu, kwa pupa.

Kabati likae sm 10 kutoka ukutani, ukuta wa ndani na si ule unaopigwa na mvua, na rafu ya chini iwe angalau sm 15 kutoka sakafuni. Sanduku la bati linazuia mchwa kweli, lakini likipigwa joto mchana na ubaridi wa usiku linatoka jasho ndani. Ukilitumia, funga kitabu kwa kitambaa cha pamba nyeupe kilichofuliwa bila wanga, na usiligusishe sakafu. Taa zizimwe usiku ukiwa karibu na maji: wale wadudu wa ziwani wakiingia kwa maelfu na kufia juu ya rafu, mizoga yao inaalika wadudu wanaokula ngozi.

Kirumba_Ziwani

Asanteni sana wakuu. Dada, hiyo alkoholi naweza kutumia spiriti ya duka la dawa? Na nailoni ya kufunikia madaftari inafaa kwa jalada?

Dada_wa_Igoma

Hapana kwa zote mbili, kaka. Spiriti ya duka la dawa mara nyingi ni ya asilimia 70, iliyobaki ni maji, nayo itakuachia ngozi nyeusi. Ile ya taa ina rangi. Tafuta ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, au isopropanoli ya 99, kwa wauza kemikali za maabara. Fanyia kazi mbali na jiko.

Nailoni laini yenye harufu kali mara nyingi ni plastiki ya PVC, inatoa asidi na kunata kwenye ngozi. Kama huna plastiki angavu ya poliesta safi, kile kitambaa cha pamba kinatosha.

Jalada_na_Uzi

Ukipima ile ya Kiganda, usiifungue zaidi ya nyuzi 90. Viringisha taulo mbili, moja kila upande wa mgongo, jalada lililolegea lilale juu yake, na shikilia kurasa kwa mkono badala ya kuweka kitu kizito. Tuletee milimita na namba ya ukurasa wa mwisho, nitakusaidia kulinganisha.