Ndege wa uani springi hii: alizeti, mchanganyiko, shahamu, maji ya sukari au nipande miti?

BabaTumaini
Habari wadau. Niko Columbus Ohio, theluji ndo kwanza imeisha. Nyuma ya nyumba nina ua wa kawaida, uzio wa mbao na mti mmoja mkubwa. Jirani alikuwa analisha ndege winta nzima, sasa kahama, na wale kadinali wekundu wamehamia kwenye uzio wangu wanakaa tu wanaangalia dirishani, watoto wamewapenda hadi chai ya asubuhi inapoa. Nataka niendeleze alipoachia ila hela ya kununua kila kitu sina. Dukani nimeona alizeti nyeusi, mfuko wa mbegu mchanganyiko ambao bei yake karibu nusu ya alizeti, matofali ya shahamu, na ile chupa nyekundu ya maji ya sukari. Shemeji yangu yeye anasema vyote hivyo niachane navyo nipande miti ya asili ya hapa. Naombeni mnilinganishie, kipi kina maana zaidi majira haya ya kuchipua? Maana nasikia si sawa na winta.

DadaRehema_Dayton
Karibu kaka. Kama ni kitu kimoja tu chukua alizeti nyeusi. Ganda lake jembamba, ndani mafuta mengi, kadinali anaila, chikadii yule ndege mdogo mwenye kichwa cheusi anaila, chiriku wanaila. Ile yenye mistari ganda lake nene, wadogo wanahangaika nayo. Sasa huo mchanganyiko wa bei rahisi kabla hujaubeba geuza mfuko usome, ukikuta mtama mwekundu na ngano ndo vimetangulia uache hapo hapo, ndege wengi wa huku mashariki hawavitaki wanavichambua kwa mdomo wanavitupa chini, vinaota, vinaoza, panya wanakuja. Ukihesabu kile kinacholiwa kweli alizeti ndo rahisi.

Halafu wewe una bahati ya kadinali. Majira haya kaa dirishani utaona dume anamenya mbegu anamlisha jike mdomo kwa mdomo, ndo uchumba wao huo. Waite watoto waone.

Kip_StPaul
Alizeti sawa, lakini dada wacha nitetee mchanganyiko kidogo. Uwele mweupe si takataka. Hapa Minnesota mwezi wa nne wanapita wale junko, wa kijivu tumbo jeupe, wanarudi kaskazini Kanada kuzaa, na hao hawapendi kuning'inia, wanakula chini. Mimi hununua uwele mweupe peke yake, namwaga kiasi kidogo chini ya kichaka asubuhi, jioni umeisha. Bei iko chini kuliko alizeti.

Shahamu mimi nasema ni ya baridi. Kigong'ota anaipenda mwaka mzima, hiyo ni kweli, lakini joto likianza inayeyuka, inachacha, inapaka manyoya ya ndege mafuta. Siku zikipanda hivi toa, ama ununue ile iliyotengenezwa isiyeyuke haraka.

Na mtu akiwa kwa jimbo lenye dubu weusi asingoje. Dubu anatoka usingizini springi na njaa mingi, alizeti anainusa kutoka mbali, akizoea nyumba yako hiyo ni shida kwako na kwake pia, mara nyingi yeye ndiye huishia kuuawa. Huko watu wa wanyamapori hushauri ushushe vyombo vyote mpaka arudi kulala. Columbus mjini hiyo haikusumbui sana.

DadaRehema_Dayton
Kip uwele nakubali kwa hao wapitao, lakini sema na upande wa pili: uwele unaita shomoro wa nyumbani, wale walioletwa kutoka Ulaya. Wakishajaa uani wanaingia kwenye viota vya ndege wa bluu (bluebird), wanavunja mayai na hata kuua mama akiwa ndani. Mimi nina sanduku la kiota la ndege wa bluu, tundu lake sentimita 3.8, kwezi hapiti lakini shomoro anapita, kwa hiyo kwangu uwele hauingii kabisa. Mwenye sanduku asimwage uwele, junko wakishapita ni kuacha.

MzeeWaBukavu
Habari wanangu. Mimi niko Louisville Kentucky, nimezaliwa Bukavu. Kwenu mnabishana mbegu, mimi naomba nimsemee mvumaji, huyu mdogo anayeelea mbele ya ua mabawa yakivuma. Watu wa kwetu wakimuona mara ya kwanza wanasema ni chozi. Si chozi, ukoo tofauti kabisa, ila wote wawili wanaishi kwa maji matamu ya maua. Huyu wa mashariki ya Marekani, mwenye koo jekundu, uzito wake ni kama gramu 3 tu, winta anakaa Meksiko na Amerika ya Kati, na springi wengi wao wanavuka Ghuba ya Meksiko usiku kucha bila pa kutua. Kwangu anafika katikati ya Aprili, Ohio mtamuona mwisho wa Aprili au Mei mwanzoni.

Baba Tumaini, kwa pesa hii ndiyo rahisi kuliko zote ulizotaja, sukari iko jikoni. Kikombe 1 cha sukari nyeupe, vikombe 4 vya maji, koroga iyeyuke, basi. Usitie rangi nyekundu, chupa yenyewe nyekundu inatosha. Usitie asali, inaota ukungu wa kuwadhuru. Sukari guru na ya kahawia hapana. Ila sharti moja, chupa unabadilisha na kuosha kila siku 2 au 3 joto likiwa kali, ukiona maji yana ukungukungu umeshachelewa. Kama huna nafasi hiyo usianze, kwani unamtilia ndege ugonjwa.

Na pale pembeni gawanya chungwa nusu, lipigilie kwenye msumari. Orioli, wa rangi ya chungwa na nyeusi, atakuja wiki ya kwanza ya Mei na utafurahi sana.

BabaTumaini
Shikamoo mzee, asante sana. Hilo la chungwa nitalifanya kesho. Chombo cha alizeti niweke wapi? Kuna kindi wengi hapa.

Kip_StPaul
Weka kwa nguzo ya chuma peke yake, si kwa mti. Chombo kiwe juu mita 1.5 hivi, na nguzo iwe mbali na mti ama uzio mita 2.5 hadi 3, kindi anaruka sana. Chini ya chombo funga ile koni ya bati. Bila koni yeye hupanda nguzo kama ngazi.

AshaLeicester
Mie niko Uingereza, ndege wengine lakini somo moja. Kabla ya kuuliza chakula gani uliza nitasafisha mara ngapi. Huku tulikuwa na chiriku wa kijani wengi sana, tangu 2005 ukaingia ugonjwa wa koo unaoambukizwa kwa mate na maji pale wanapokula pamoja, wakapukutika hadi 2021 wakawekwa kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini nchini. Huko kwenu Marekani nako 2021 ugonjwa wa bakteria wa salmonela ulilipuka kwa ndege wadogo na watu wa majimbo 12 waliugua, wakaambiwa washushe vyombo.

Kwa hiyo osha kila baada ya wiki mbili au mapema zaidi, sabuni kwanza, kisha jiki kipimo 1 kwa maji vipimo 9, suuza, kikauke kabisa ndo ujaze tena. Vaa glavu. Meza za bapa ziepuke, ndege wanakanyaga kinyesi na chakula hapo hapo. Ukiona ndege kajivimbisha manyoya, kalala mchana karibu na chombo na hakimbii, shusha vyote hata wiki mbili watawanyike.

Springi karanga nzima usimwage, mzazi anampelekea kinda linakabwa. Na kioo! Chombo kikae karibu kabisa na dirisha chini ya mita 1, au mbali mita 9, hapo katikati ndo ndege anapaa kwa kasi na kujibamiza.

MwaloniMaryland
Baba Tumaini shemeji yako ana hoja kubwa na hapa naona inapitwa. Mbegu zinaliwa na mzazi. Kinda halili mbegu, ndege wengi mno wa nchi kavu wa Amerika Kaskazini wanalea watoto wao kwa wadudu, na hasa viwavi, laini na vimejaa protini. Chikadii wa Carolina anahitaji viwavi 6,000 hadi 9,000 kulea kiota kimoja tu mpaka watoto waruke, na anavitafuta jirani na kiota chake. Sasa ua wenye nyasi tupu zilizopuliziwa dawa na miti ya mapambo ya ugenini viwavi watoke wapi, hata ukining'iniza vyombo kumi jike anaweza kuzaa na asipate cha kulisha. Mwaloni wa asili unalea mamia ya aina za viwavi. Bara hili limepoteza karibu ndege bilioni 3 tangu 1970, mimi siwezi kulisema hili kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo kwangu mpangilio ni huu, mti kwanza, maji, halafu alizeti. Beseni la maji kina cha sentimita 3 hadi 5, ubadilishe kila siku mbu wasizaliane.

BabaTumaini
Nimekuelewa vizuri sana ila mimi ni mpangaji, mwaloni kwenye ua wa mwenye nyumba siwezi.

MwaloniMaryland
Basi mwombe asipulizie dawa, hilo pekee ni kubwa. Majani makavu chini ya ule mti uyaache hapo hapo, viwavi wengi wanashuka kujificha humo, na robini, yule ndege mwenye kifua chekundu, anayafukua. Ukipata ruhusa ya dramu au chungu kikubwa panda maua ya asili ya Ohio.

DadaRehema_Dayton
Na maganda ya mayai usitupe. Yaoke kwenye oveni nyuzi 120 za Selsiasi dakika 20, yasage, changanya na alizeti. Jike anataga sa hivi anahitaji chokaa.

BabaTumaini
Asanteni wote. Nimeamua: alizeti nyeusi kwenye nguzo, beseni la maji, maganda ya mayai, na sukari nitaianza mwisho wa Aprili kwa sababu kuosha nitaweza, mwanangu mkubwa kajitolea. Mchanganyiko na shahamu naacha. Kingine, kuna robini kaanza kujenga juu ya taa ya barazani, kaleta udongo na nyasi. Nimhamishe kabla hajataga? Tunapita hapo kila saa.

MwaloniMaryland
Sasa hivi hana yai, kisheria kiota kitupu unaweza kukitoa, ila robini mara nyingi anarudi pale pale. Akishataga usikiguse kabisa, sheria ya ndege wahamaji ya 1918 inamlinda. Ushauri wangu mwache. Anaatamia kama wiki mbili, makinda yanakaa wiki mbili nyingine hivi yanaondoka. Zimeni hiyo taa na mpite mlango wa nyuma.

MzeeWaBukavu
Mayai yake ni ya bluu. Waambie watoto waangalie kutoka dirishani tu, wasipande kiti.