Naomba ushauri: Datsun 240Z ya zamani au Mazda CX-5?

Wadau habari zenu. Kuna mzee hapa Nakuru anauza Datsun 240Z ya 1972, ile aina iliyoshinda Safari Rally 1971 na 1973, na bei inakaribiana na CX-5 ambayo mama watoto ndo anaitaka. Sasa Datsun ni siti mbili tu, haina ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki ghafla), lakini jamani ile silinda sita ikinguruma roho yangu inaenda kabisa, CX-5 ni nzuri ila hainigusi hivyo. Nimeenda na fundi, injini iko sawa ila sakafu upande wa dereva ina kutu. Je, hiyo kutu ikikatwa na kuchomelewa inaisha ama inarudi? Na kabureta zake mbili (zile za kuchanganya petroli na hewa) zinasumbua ukiendesha kila siku?