Taamuli bila mwalimu: utulivu au kujitafutia balaa?

Wa Kibokoni:
Jamani, salaam. Juzi magharibi nilipita Mama Ngina, pale ufuoni Mombasa, nikakuta vijana kama saba wameketi kwenye nyasi, macho wamefumba, simu i katikati yawaambia wavute pumzi. Nikawauliza mwalimu ni nani. Wakanionyesha simu.

Mimi nasema ni hatari. (Nasema taamuli, huku kuketi kimya na kutuliza akili, sisemi tahajudi, kwetu Waislamu tahajudi ni swala ya usiku, tusichanganye.) Wenye njia hizi hawakuanzia kwenye pumzi. Kwenye kozi za vipassana, taamuli ya Kibudha, za siku 10 alizoeneza mwalimu S. N. Goenka, mtu hula ahadi tano kwanza: haui, haibi, hafanyi ngono kabisa, hasemi uongo, halewi. Patanjali, mwandishi wa kale wa Kihindi, katika yoga aliweka maadili mwanzo, taamuli ikaja ngazi ya saba. Na kwetu, murid gani, yaani mwanafunzi wa tarika, huingia khalwa, kujitenga kwa ibada, bila idhini ya sheikh wake? Simu imebeba pumzi, adabu imeiacha.

Mkaazi Likoni:
Kaka, mwalimu ndiye dawa? Shoko Asahara alikuwa mwalimu. Alianza na darasa la yoga Tokyo, akaishia na Aum Shinrikyo, dhehebu lake huko Japani. Tarehe 20 Machi 1995 wafuasi wake, daktari akiwa mmoja wao, waliachia sumu ya sarini ndani ya treni za chini ya ardhi, watu wakafa. Hao hawakukosa mwalimu. Walikuwa naye kupita kiasi. Mimi simu nikichoka nayo naizima. Sheikh humzimi.

Muuguzi Changamwe:
Nyinyi mwazungumza ya wakuu, mimi nazungumza ya wodini. Dakika 10 za pumzi kwa wengi hazina neno. Ila mtu aliyebeba jambo zito, labda alipigwa au aliona mtu akifa, ukimwambia afumbe macho anyamaze, ndilo lile linalomjia. Tulipokea kijana aliyejifungia siku nne, hali chakula, hapati usingizi, asema amefunguliwa. Alikosa mtu wa kumwambia: fumbua macho, kula, lala.

Msidhani ni wanagenzi tu. Mwaka 2017 Jared Lindahl, Willoughby Britton na wenzao wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichapisha mahojiano na watu wa taamuli za Kibudha waliopata hofu, kukosa usingizi, hata kujiona si wao. Baadhi yao walikuwa walimu.

Wa Kibokoni:
Wa Likoni umenishika pabaya, nakubali. Mwalimu asiyeulizwa ni heri asiwepo. Lakini hilo la "naizima" halijibu kitu, kijana wa dada muuguzi mbona hakuzima? Na maadili hujayagusa kabisa. Mtu aweza kutulia tuli na bado akadhulumu. Nina bosi, kila alfajiri yuko mkekani amefumba macho, na mishahara yetu ya miezi miwili hajalipa. Tukimuuliza atwambia tuvute pumzi.

Mkaazi Likoni:
Huyo mpeleke kwa afisa wa leba, si kwa sheikh.