Zoezi la siku mbili: askari, TEHAMA na wasemaji meza moja. Nilipange vipi?

Kisima_Kirefu
Wadau, salaam. Naandaa mafunzo ya watu 18 wa kampuni ya maji hapa Pwani ya Kenya: wasimamizi 8 wa askari, 6 wa TEHAMA, 4 wa mawasiliano. Lengo ni mashambulizi mseto, yaani udukuzi, uvumi na mtu wa kupenya kituoni vikija kwa pamoja. Ratiba niliyoletewa ni slaidi siku ya kwanza, maabara ya udukuzi siku ya pili. Askari watasinzia tu. Nani ana mpangilio bora, na huwa panaharibika wapi?

Fundi_Valvu
Maabara waachie TEHAMA, siku nyingine. Wewe fanya zoezi la mezani (watu wanajadili tukio la kubuni bila kugusa mitambo) la muda wa saa 3, kisha siku ya pili mrekebishe yaliyofeli na kulirudia.

Kielelezo ni Ukraine, tarehe 23 Desemba 2015. Wavamizi walikuwa wameingia miezi kadhaa kabla kwa barua pepe zenye faili za Office zilizobeba makro (amri fupi zinazojiendesha faili ikifunguliwa), wakaiba nywila za kuingilia kwa mbali. Siku yenyewe wakakata umeme vituoni huku waendeshaji wakitazama kipanya kikijiendesha. Wateja kama 225,000 walikosa umeme. Simu za huduma kwa wateja nazo zikafurikishwa simu bandia, aliye gizani asipate wa kumwambia. Umeme ulirudi baada ya saa chache kwa sababu mafundi walienda vituoni kuwasha kwa mkono. Waulize watu wako: pampu zenu nani anajua kuziendesha kwa mkono, na ufunguo wa kituo uko kwa nani saa 8 usiku?

Gawa meza 3 za watu 6, kila meza ichanganye idara zote. Tukio jipya kila dakika 15 hivi, kwenye karatasi:
Dakika 0: mtu mwenye kitambulisho cha mkandarasi ameingia kituoni "kukagua antena", akatoka baada ya dakika 20.
Dakika 15: skrini inaonyesha tangi limejaa, fundi aliye huko anasema linashuka.
Dakika 30: ujumbe wa WhatsApp unadai maji yametiwa sumu.
Dakika 45: kusanya simu zote. Zibaki redio za mkononi tu.
Dakika 60: watu wamejaa getini na ndoo, mwanahabari yuko kati yao.

Panapoharibika karibu kila mara ni dakika 0. Askari ameandika kila kitu vizuri kwenye kitabu cha matukio, na kitabu kimelala getini. TEHAMA hawakisomi. Basi mpe askari namba moja ya kupiga na sentensi moja ya kusema: nani, wapi, amegusa nini, saa ngapi.

Bi_Logi
Naongeza la ushahidi. Mazoea ya wengi ni kuzima kompyuta iliyoshukiwa. Usizime; ukizima, kilichokuwa kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kimepotea. Chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, piga picha skrini, andika saa ya mashine na saa ya mkononi mwako. Kuzima kunabaki pale tu programu ya wavamizi inapoendelea kuzifunga faili kwa msimbo zisisomeke na huna njia ya kuitenga mashine. Diski ikinakiliwa, chukua alama yake ya SHA-256 (namba inayobadilika data ikiguswa) hapohapo na kila anayeipokea atie sahihi.

Kabla ya zoezi linganisha saa za kamera, mfumo wa kadi za milango na seva. Kamera ikichelewa dakika 7, hutaweza kumuunganisha mtu wa antena na akaunti iliyoingia mfumoni. Zote zichukue saa kwenye seva moja ya NTP, yaani ya kulinganisha saa mtandaoni.

Kisima_Kirefu
Asanteni. Hapo kwenye sumu, wasemaji wangu watakimbilia kusema "maji ni salama, klorini ipo". Inatosha?

Mpima_Maji
Hapana, na hapo ndipo utaumbuka. Klorini iliyobaki ya 0.2 hadi 0.5 mg/l bombani inaonyesha vijidudu vinadhibitiwa. Haithibitishi kwamba hakuna kemikali. Ikishuka ghafla ni dalili ya kuchunguza, basi. Taarifa ya kwanza itoke ndani ya dakika 30: sampuli zimechukuliwa wapi, saa ngapi, majibu yatatoka lini, watu wafanye nini kwa sasa. Neno "salama" lisubiri maabara.

Na wasichanganye kuzidiwa na kuibiwa. eCitizen, tovuti ya huduma za Serikali ya Kenya, ilipofurikishwa maombi bandia Julai 2023 huduma zilikwama, na Serikali ikasema hakuna data iliyopotea. Hayo ni maswali mawili, kila moja na jibu lake.

Bi_Logi
Weka na saa ya sheria ukutani. Sheria ya 2018 ya makosa ya kompyuta inataka shambulio liripotiwe kwa kamati ya kitaifa ndani ya saa 24. Ya data ya 2019 inatoa saa 72 kumfikia Kamishna wa Data kama taarifa za watu zimeguswa na wanaweza kudhurika. Meza nyingi hukumbuka saa ya 30, baada ya bosi kuuliza.

Fundi_Valvu
Nimesahau moja: kila karatasi ipigwe ZOEZI kwa herufi kubwa, juu na chini, na ule ujumbe wa sumu usiuandike kwenye simu ya mtu yeyote, hata yako. Ukivuja, jioni utakuwa unakanusha uvumi uliouanzisha wewe. Mwisho wa siku hesabu karatasi, zirudi zote.