Tupeane uzoefu: mlioiacha Amazon mkiwa Lamu na Malindi, mwanunua wapi?

MwanaLangoni
Sabalkheri jamaa. Asubuhi hii nimo Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, nimejibanza ukutani kumpisha punda, kabeba mifuko miwili ya saruji na juu yake sanduku la kaki lenye ule mshale wa kucheka. Nikacheka peke yangu, maana huu mwaka wa tatu sijanunua kitu Amazon.

Yalianza kwa vitabu. Dada yangu yuko Uingereza, alikuwa akininunulia Book Depository, duka la vitabu la mtandaoni, kisha anampa yeyote anayekuja likizo. Amazon waliinunua 2011, na tarehe 26 Aprili 2023 ikafungwa. Dada akasema basi tununue Amazon yenyewe, nikamwambia la, tutafute kwingine. Sasa kwingine wapi? Siku hizi naagiza maduka ya vitabu ya Nairobi. Mzigo unapanda basi, unapita Mombasa, unapita kwenu Malindi, unashuka Mokowe, unavuka kwa boti. Nikiupata haujaingia maji ya chumvi nasema alhamdulillahi. Wenye uzoefu leteni, hasa mlioumia.

BiMkubwa_Shela
Mlioumia? Mimi utanitafutia daftari zima.

Mwalimu_Barani
Mimi nilikimbia mbio nikadhani nimefika mbali, kumbe nimezunguka nyumba nikaingia kwa mlango wa uani. Nilikuwa natafuta kitabu cha tendi za zamani za Pate, kilichapwa nje na huku madukani hakipo. Nikampata muuza vitabu chakavu wa Uingereza kupitia AbeBooks, soko la vitabu la mtandaoni. Nikalipa kwa kadi ya GlobalPay ya M-Pesa, jioni nikajisifu barazani kwamba mimi na Amazon basi. Kijana wangu akaniangalia kwa huruma: "Baba, AbeBooks ni ya Amazon tangu 2008." Nikanywa kahawa yangu nikanyamaza.

Kitabu kilifika baada ya wiki saba. Ndani kina muhuri wa maktaba ya huko na jina la mtu kwa wino wa buluu, tena ubeti mmoja kaupigia mstari. Maneno yalitungwa Pate, yakapanda meli, na mimi niliye Malindi nayalipia nauli ya kurudi. Siku hizi nikiona kitabu pale, natafuta duka lenyewe, namwandikia mwenye duka barua pepe na kununua kwake moja kwa moja. Wazee wale hujibu vizuri, mmoja aliniuliza hali ya hewa.

Kijana_Maweni
Mwalimu shikamoo. Ukimaliza hapo uzime na Netflix, inaendeshwa kwenye kompyuta hizo hizo za Amazon. Goodreads wameinunua 2013. Audible yao. Hamtoki, mnajichosha bure.

MwanaLangoni
Kwa kuwa bahari yote ni chumvi, nisichague pa kuogea?

Kijana_Maweni
Chagua kaka. Lakini Bezos, aliyeianzisha Amazon, hajui kama Lamu ipo.

BiMkubwa_Shela
Na mimi kwake sikujui. Hatudaiani.

Hesabu_Haidanganyi
Tuseme ukweli kidogo. Chaja ya simu, ile ile ya Uchina, dukani Malindi niliuziwa 1,500. Mtandaoni 600. Nyinyi mwaita kuwaunga mkono wa kwetu, mimi naita kukamuliwa.

Duka_la_Kona
Bwana Hesabu, hiyo 600 umejumlisha pesa ya wakala kwa kilo? Ushuru? VAT asilimia 16? Nauli ya basi? Na ikiungua siku ya tatu utamrudishia nani, picha? Mimi ukija na risiti au bila risiti nakubadilishia, kwa sababu nakujua wewe na nyanya yako.

Hesabu_Haidanganyi
Nyanya yangu ndiye aliyeniambia usizidishiwe bei ukanyamaza. Tena hilo la kubadilishiwa, mara ya mwisho uliniambia "umeichomeka vibaya".

Duka_la_Kona
Kwani uliichomeka vizuri?

Mwalimu_Barani
Msigombane kwa chaja. Wanahistoria waandika kwamba mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa Uchina twiga mzima. Leo sisi tunangojea chaja wiki sita.

Mwana_wa_Ughaibuni
Niko Marekani mwaka wa tisa, kwetu Mkomani. Msidhani huku ndiko rahisi kuikwepa. Hapo awali nilikuwa natafuta kitu Amazon, namjua mtengenezaji, kisha naenda kwenye tovuti yake nikitumaini bei itashuka. Haishuki, ile ile. Ndipo nikaja kuelewa: Septemba 2023, FTC, tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi na ushindani, pamoja na majimbo 17 waliishtaki Amazon, na dai lao moja ni kwamba muuzaji akiuza kwa bei ya chini kwingine, kwenye Amazon bidhaa yake yafichwa chini kule ambako hakuna mnunuzi anayefika. Kwa hivyo anayekwepa asitegemee kuokoa pesa. Vitabu nanunua Bookshop.org, walianza Januari 2020, sehemu ya pesa huenda kwa maduka madogo ya vitabu. Vingine vyote naenda dukani kwa miguu yangu, na baridi hii.

Kijana_Maweni
Kwa hiyo walipa bei ile ile na mafua juu.

Mwana_wa_Ughaibuni
Naam, na mafua juu.

Doti_na_Pindo
Yangu fupi. Binti yangu yuko ng'ambo, akataka kunitumia leso ya Idi, akainunua mtandaoni huko huko kwa muuzaji nisiyemjua. Ikaja. Kwanza kipande kimoja, hakuna doti. Nitajifunga nijitande nini? Pili, mahali pa jina pameandikwa herufi tupu, si Kiswahili, si Kiarabu, nadhani aliyechapa aliona leso zina maandishi akatia maandishi. Nimeitandika mezani. Nikampigia: mwanangu, kesho nitampigia mtu aende Biashara Street, Mombasa, atanitumia doti mbili kwa basi, na majina yake nitachagua mwenyewe.

BiMkubwa_Shela
Tuoneshe hiyo leso tuisome pamoja 😂

Nahodha_Mkanda
Nilikuwa nasoma tu, sikutaka kuandika. Lakini habari ya kununua kwingine imenikumbusha impela.

Wa boti mwaijua. Wasioijua: injini hii ya kutundika nyuma inapozwa na maji ya bahari. Chini kule, juu ya propela, kuna kigurudumu cha mpira chenye mbawa sita, ndicho kinachovuta maji. Nyuma ya injini utaona uzi wa maji unatoka. Ukikauka, zima injini saa hiyo hiyo.

Yangu ni Enduro ya 40. Fundi wa hapa akaniambia impela ya asili ni 4,500. Nikaona ananionea. Amazon nami nilishaapa siingii, kwa maneno kama haya haya yenu. Nikaingia mtandao mwingine, jina silitaji, nikaipata kwa 800. Picha nzuri, nyota tano. Ikafika kwenye bahasha ya nailoni. Nilipoishika, mpira mkavu kama kandambili iliyosahauliwa juani. Moyo uliniambia, nikaunyamazisha. Nikaifunga mwenyewe, kwa fundi nikapita nikimsalimia kwa kejeli.

Hata mwezi haukwisha. Tuko Pate, saa nane usiku mke wangu akashikwa na uchungu, mimba haijatimia. Muuguzi akasema huyu afike Amu, mjini Lamu, msingoje kuche. Tukashuka gati la Mtangawanda: mimi, mke wangu, mama mkwe na baharia wangu mmoja. Maji yanapwa. Nikapiga hesabu kwamba nikikaza mwendo nitapita Mkanda, ule mkondo mwembamba wa katikati ya mikoko, kabla haujakauka.

Katikati ya Mkanda nikasikia harufu. Nikamulika tochi nyuma, uzi wa maji hakuna. Injini ikaanza kulia, nikaizima. Kimya. Mikoko huku na huku, mbu, na mke wangu anashusha pumzi kwa meno. Tukashika pondo mimi na baharia, tukasukuma, tukasukuma, hatua mia labda, boti likagusa tope. Likakaa.

Mama mkwe tangu tuondoke hajasema neno. Akauliza taratibu kabisa: "Na hiki nacho uliagiza kwenye simu?"

Sikumjibu. Simu yenyewe haikuwa na mtandao pale. Akavua leso yake moja akaniambia nishike tochi na nitazame mikoko. Kabla ya alfajiri nikasikia sauti ya mtoto. Nilikuwa bado natazama mikoko.

Maji yaliporudi, saa moja asubuhi, wavuvi wakatupita wakatufunga kamba wakatuvuta hadi Amu. Mama na mtoto wazima, alhamdulillahi. Nilipoifungua injini, mbawa tatu kati ya sita zimekatika. Vipande ninavyo kwenye kitambaa, mama mkwe haniruhusu kuvitupa. Nyinyi mwasema nunueni kwingine. Kwingine nako kuna kwingine.

BiMkubwa_Shela
Mashaallah mashaallah. Mtoto mke au mume?

Nahodha_Mkanda
Mke. Jina lake zuri, lakini watu wote wamwita Bi Mkanda.

Doti_na_Pindo
Na leso ilikuwa imeandikwa nini?

Nahodha_Mkanda
Sikusoma, nilikuwa natazama mikoko.

Fundi_Gati
Ndugu yangu, hizo 4,500 ulizoniita mwizi. Impela ya asili ukiikunja ubawa kwa kidole unarudi wenyewe, ya feki unabaki umelala. Na ubadilishe kila mwaka hata kama haina kasoro, usingoje harufu.

Kijana_Maweni
Fundi, si nyinyi pia mwauza feki kwa bei ya asili? Mjomba wangu aliuziwa plagi hapo hapo kwenu Lamu.

Fundi_Gati
Na mimi? Taja.

Kijana_Maweni
Sikusema wewe.

Fundi_Gati
Basi andika vizuri. Nyinyi wa Malindi mna lami na tuktuk, mzigo unafika mlangoni, mwapata wapi mdomo?

Duka_la_Kona
Fundi twende pole pole, lami hiyo hiyo yenye mashimo ndiyo inayoleta vitu vyenu.

MwanaLangoni
Jamani turudi kwenye mada. Nahodha, Mungu amkuze mtoto. Wengine, mwanunuaje?

Hesabu_Haidanganyi
Usilipe hata shilingi kabla hujauona mzigo.

Mwana_wa_Ughaibuni
Kinyume. Lipa kabla, lakini kwa mtu unayemjua kwao. Ukitaka kulipa mzigo ukifika, muuzaji wa Nairobi akisikia "Lamu" anakata simu.

Doti_na_Pindo
Mpate mtu wa basi mmoja, uwe naye huyo huyo. Mimi wangu namwekea mahamri kila Ijumaa. Haujapotea hata mzigo mmoja.

Kijana_Maweni
Hiyo ni rushwa.

Doti_na_Pindo
Ni mahamri.

Fundi_Gati
Vitu vya injini msinunue kwa picha, basi. Vitabu na nguo fanyeni mtakavyo, kitabu feki hakizamishi mtu.

Mwalimu_Barani
Hapo fundi tutabishana siku nyingine. Nyongeza yangu: mzigo mfungeni kwa nailoni mbili, jina liandikwe ndani na nje. Wakati wa kusi mawimbi ya kuvuka yanafuta wino wote. Mwaka jana nilimtumia binamu yangu wa Amu paketi, ikafika imebaki "MW". Ikakaa jetini siku nne, kila Mwanaidi na Mwanamkuu wa mji ule akaja kuiulizia.

BiMkubwa_Shela
Kumbe ile ilikuwa yako! Mimi nilikwenda mara mbili.

MwanaLangoni
Haya. Kuna anayetoka Nairobi Alhamisi? Nina vitabu viwili viko kwa rafiki yangu mjini kule, havizidi kilo. Mahamri yapo.

Nahodha_Mkanda
Mimi natoka Mombasa Ijumaa, nikuletee kutoka hapo akivifikisha. Mahamri nitakula, ila nakuja kwa basi.