Tupeane uzoefu: safari za vikundi kupanda Mlima Hanang, zinaharibikia wapi?

Mdau wa Area C (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Kiangazi kikishika tu, matangazo ya "Twende Hanang wikiendi hii" yanajaa kwenye magrupu ya Dodoma, na kila msimu kuna kundi linalorudi limegombana, mwingine anachechemea. Naomba humu tuweke mambo ya kiufundi, yale ambayo mwandaaji anatakiwa kuyajua kabla hajachukua hela ya mtu. Hadithi za nani alimkosea nani tuziache.

Naanza na saa, maana safari nyingi zinafia hapo. Hanang una takriban mita 3,420, na kutoka Katesh, mji ulio chini yake mkoani Manyara, mnapanda karibu mita 1,700. Kundi la watu mchanganyiko likienda vizuri linapanda mita 300 kwa saa. Piga hesabu: kupanda muda wa karibu saa sita, mapumziko saa moja, kushuka saa nne. Jumla saa 11. Mkianza saa 11 alfajiri kwa tochi, saa 10 jioni mko chini na mna akiba kabla ya giza. Mkianza saa 3 asubuhi, mtamalizia saa 2 usiku, na kule kufikia saa 1 jioni hivi jua limeshazama mwaka mzima.

Sasa kwa nini watu waanze saa 3? Kwa sababu Coaster ya saa 12 asubuhi ilikaa pale Nane Nane, Dodoma, hadi saa 4 ikisubiri watu wawili. Dodoma hadi Babati ni kilomita 251, na Babati hadi Katesh ni zaidi ya 70. Mnafika ofisi ya kibali cha kupanda imefungwa, kwa hiyo kibali kinafuatwa kesho yake, siku ya kupanda. Wengine wanaona dawa ni kusafiri usiku kucha na kupanda asubuhi bila kulala. Hiyo ni mbaya zaidi. Kundi lilale Katesh usiku mzima, kibali kikiwa mkononi tangu jana yake. Malipo ya serikali yanapita kwa kumbukumbu namba, kwa hiyo mwandaaji anaweza kuomba na kulipa siku kadhaa kabla na kuwaonyesha wenzake risiti.

Mdau wa Katesh

Umeanza pazuri mkuu. Naongeza saa ya kugeuka, yaani kuanza kurudi hata kama kilele hamjakifikia. Iwekwe saa 7 mchana, popote mtakapokuwa, na itangazwe kwenye gari kabla ya mlima. Ukiitangaza juu hakuna atakayekusikiliza, hasa kwa namna Hanang ulivyo. Njia ya Jorodom inakutoa kwenye ukingo, mbele unaona nundu na kusema nimefika. Hujafika. Kilele chenyewe kiko mbele, unafuata ukingo mwembamba wenye upepo. Ndipo watu wanapokatika, na ndipo mwongozaji asiye na sauti anaposhindwa kuwarudisha.

Kuhusu waongozaji, mmoja kwa watu 20 hatoshi hata akiwa hodari namna gani. Weka mmoja kwa kila watu sita, na mmoja wao awe mkiani. Huyo wa mkiani hampiti mtu yeyote, hata anayefunga kamba ya kiatu. Hesabu vichwa kila kituo, kwa sauti, kila mtu ataje namba yake. Pale chini kuna njia nyingi za ng'ombe na za wakata kuni. Mchana unaziona wazi, gizani zote zinafanana, na mtu aliyeachwa nyuma dakika kumi tu anaweza kutokea kijiji kingine kabisa.

Waongozaji walipwe wenyewe mkononi, kiasi kijulikane kwa kundi zima. Mwongozaji aliyelipwa nusu na kuahidiwa nusu anaharakisha watu ili amalize siku yake, na hapo usimlaumu.

Mdau wa Nkuhungu

Maji! Kwenye njia ile usitegemee kuchota juu. Hesabu lita 4 kwa mtu kwa siku moja. Watu 20 ni lita 80, yaani madumu manne ya lita 20, na kila dumu lina kilo 20. Huo peke yake ni mzigo kamili wa mpagazi, haumpi nafasi ya begi lake. Kwa hiyo kila mtu abebe lita 3 zake, na lita 20 zinazobaki zigawanywe kwenye vidumu vya lita 5 kwa wapagazi wawili, ziwe akiba ya kushukia. Akiba hiyo isiguswe kabla ya saa ya kugeuka.

Angalieni na dumu lenyewe. Huku kwetu madumu mengi yalishabeba mafuta ya alizeti. Ukifungua mfuniko, pitisha kidole ndani ya shingo: kikiteleza, mafuta bado yamo, na maji yakipata jua yatanuka hadi watu wayamwage. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, tia mchanga mkavu konzi mbili, tikisa, suuza mara tatu, liache wazi usiku mzima.

Mdau wa Singida

Chakula kifupi tu. Usiwafungie watu pilau lililopikwa usiku na kufunikwa likiwa moto. Kufika mchana limechacha, na mtu mwenye tumbo la kuendesha kwenye ukingo ni kazi nyingine. Chapati kavu, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai yasiyomenywa, karanga kama gramu 100 kwa mtu, na chumvi kidogo kwenye kikaratasi. Kula kidogo kidogo kila saa moja na nusu.

Mdau wa Makole

Nami niseme ya afya. Dodoma tuko kwenye mita 1,100 hivi, kwa hiyo mwili unapandishwa zaidi ya mita 2,000 ndani ya siku mbili. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Kichwa kuuma pamoja na kutapika, mtu huyo hapandi tena. Akianza kuyumba, mwambie atembee hatua kumi kisigino kikigusa vidole. Akishindwa, anashushwa hapo hapo, na hashushwi peke yake: anashuka na mwongozaji na mwenzake mmoja. Ndiyo sababu nyingine ya kuwa na waongozaji zaidi ya mmoja.

Baridi nayo inadharauliwa sana. Joto hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000, kwa hiyo juu kuna baridi ya nyuzi 10 zaidi ya Katesh kabla hujahesabu upepo. Fulana ya pamba iliyolowa jasho haikauki kule. Beba ya pili kavu kwenye mfuko wa nailoni, ubadilishe kabla ya kukaa kupumzika, usingoje utetemeke.

Mguu ukivunjika, machela inatengenezwa kwa miti miwili ya mita 2 na nusu na magunia mawili ya kilo 100. Toboa kona za chini za kila gunia, pitisha miti ndani, magunia yaelekeane midomo. Wabebaji wanne na wanne wa kupokezana, mkibadilishana kila dakika kumi. Mwendo ni wa taratibu mno, kwa hiyo piga 114 ya Zimamoto na Uokoaji mapema, msingoje mpaka mmechoka.

Mdau wa Kondoa

Wapendwa, kwenye mvua msiende kabisa. Desemba 3, 2023 sehemu ya mlima huu iliyonyonya maji ilimeguka, tope likashuka Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Kundi linalopita au kupumzika kwenye korongo wakati udongo umeshiba maji linacheza na kitu hicho hicho. Mwandaaji asiyerudisha hela mvua ikinyesha anawalazimisha watu waende, kwa hiyo sharti la kuahirisha liandikwe kabla ya malipo.

Na kwa dada zetu: msitegemee choo njiani. Kundi libebe jembe dogo, shimo la sentimita 20, mbali na korongo, na karatasi zirudi chini kwenye mfuko.

Mdau wa Ipagala

Bado viatu. Buti lililokaa kabatini miaka mingi linaonekana zima, lakini povu la soli limeoza ndani. Wiki moja kabla, likunje kwenye vidole na ubonyeze ukingo wa soli kwa ukucha. Ukiona ufa au unga unaotoka, usipande nalo. Kama soli imeachia gundi tu, mpelekee fundi aishone kwa uzi wa nailoni kuzunguka yote, maana gundi peke yake inaachia kwenye mteremko. Mwandaaji abebe mita 5 za kamba ya manila na waya laini: soli ikibanduka, pitisha kamba chini ya unyayo mara mbili, mbele na katikati, fundo likae juu ya kiatu, upande wa nje.